Naomba ushauri: gitaa pana kwenye hedifoni, kwenye simu linanyong'onyea

Wakuu, habari za jioni. Narekodi nyumbani, maiki moja na kompyuta ya mezani ya zamani. Kuna gitaa lisilo la umeme ambalo mpigaji alilipiga mara moja tu, akaondoka (na nauli nilishampa). Ili lijaze nafasi nikanakili traki: ya kwanza nimeipeleka kushoto kabisa, nakala kulia kabisa, kisha nakala nikaichelewesha milisekunde 15.

Kwenye hedifoni raha tupu, ingawa linaelemea kushoto, upande unaotangulia. Balaa ni kwenye simu yenye spika moja. Pande mbili zikishaungana kuwa mono, gitaa linakuwa jembamba, lina mwangwi wa bati, kama mtu kalipigia ndani ya debe. Sauti ya mwimbaji iko salama, iko katikati.

Nimejaribu milisekunde 8, ikawa mbaya zaidi. Kwa 25 debe limepungua kidogo, lakini mkwaruzo wa kucha kwenye nyuzi nausikia mara mbili. Kushusha nakala desibeli 6 kumesaidia mono, ila upana nao ukaondoka. Kukata besi chini ya hezi 200 kwenye nakala, sikuona tofauti ya maana.

Maswali yangu: kuna namna ya kubakiza upana bila kuharibu mono, au hapa dawa ni kumrudisha mpigaji apige mara ya pili? Na huku kuelemea kushoto mnakusawazishaje?

Wasikilizaji wangu wengi wanatumia simu, ndiyo maana nashindwa kulifumbia macho.