Mwanangu anaitwa ponjoro shuleni, nimhamishe?

MamaZ_Tanga: Wakuu habari za jioni. Mimi Muhindi wa Tanga, babu yangu kazaliwa Pangani, Kigujarati chenyewe naungaunga. Binti yangu yuko la tano, shule mchanganyiko, siku hizi akirudi hasemi kitu anajifungia tu. Nimembana kaniambia wanamwita ponjoro, lile tusi wanalotuita sisi Wahindi, ananuka bizari, arudi kwao. Kilichoniuma zaidi ni ticha, mchango wa madawati ulichelewa akasema mbele ya darasa lote eti hata Muhindi naye hana hela? Mume wangu fundi saa jamani, hela anaipata wapi. Mimi mwenyewe nimesoma nikiitwa hivyohivyo. Sasa nimpeleke shule ya jamaa zetu au nivumilie?

Chuma cha Pua: Pole dada ila tuseme ukweli, nyie wenyewe mmejitenga. Mtu mzima na ndevu zake dukani kwenu anaitwa boi, na kijana wetu akimpenda binti yenu inakuwa vita. Watoto wanayasikia haya majumbani.

Babu Chaki: Chuma, mtoto wa miaka kumi na moja kamwita nani boi? Nimefundisha mpaka nikastaafu, najua ilikotoka. Mkoloni alitenga shule kwa rangi, ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika, pesa nazo akazigawa kwa mtindo huohuo, ndo maana mpaka leo ukiona Muhindi unaona duka. Mwalimu Nyerere alilisema bungeni Oktoba 1961, kwamba matabaka ya uchumi kufuatana na rangi ni sawa na kukalia baruti, na bado akawakatalia waliotaka uraia utolewe kwa rangi. Amir Jamal, Muhindi, kazaliwa Mwanza, kawa mbunge wa Morogoro na Waziri wa Fedha, naye arudi wapi? Na huyo ticha ndo wa kuanza naye maana watoto wanamuiga yeye.

Kijana wa Mwanza: Dada mimi walinihamisha, nikapelekwa shule ya kwetu, matusi yakaisha kweli ila marafiki zangu wa mtaani nikawapoteza wote, sikucheza nao tena. Baadaye tukahamia Leicester, Uingereza, nikajua nimepona, weee, huko nikawa Paki na sijawahi hata kuiona Pakistan. Mji wenyewe 1972 halmashauri yake ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi waliofukuzwa na Amin wasije, na wakaja. Binti ana shoga hapo darasani?

MamaZ_Tanga: Anaye mmoja, Mdigo, ndo anayemtetea mpaka kapigana. Chuma nimekusikia, hilo la boi hata mimi silipendi na shemeji zangu nawaambia. Babu shikamoo, Jumatatu naenda kwa ticha kwanza, akinijibu ovyo napanda kwa hedmasta. Kuhama tutaangalia mwisho wa muhula.

Babu Chaki: Marahaba. Nenda na baba yake.