Civilization VI, ushindi wa anga: kituo kimoja cha roketi chenye nguvu, au vitatu vya wastani?

Mpanga_Zamu

Wanajamvi, salaam. Ninacheza Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwa zamu, pamoja na nyongeza yake ya mwaka 2019, Gathering Storm, nikiiongoza Korea chini ya Malkia Seondeok, katika kiwango cha ugumu cha Emperor na mwendo wa kawaida. Nimefika zamu ya 214 nikiwa na miji tisa, na sayansi yangu imewaacha wapinzani mbali kiasi kwamba teknolojia ya roketi nimeipata kabla yao wote. Ninachokosa ni mikono ya kuyafanyia kazi maarifa hayo, kwa kuwa mji mmoja tu, ule uliozungukwa na vilima na migodi, ndio wenye uzalishaji wa maana, na miwili inayoufuata inafikia kama nusu yake.

Nimekuwa nikipima njia tatu. Ya kwanza ni kuujenga mji huo mmoja hadi mwisho wa uwezo wake na kuufanyia kila kitu. Ya pili ni kujenga vituo vitatu vya roketi katika miji mitatu ili kazi igawanywe. Ya tatu ni kulimbikiza dhahabu, kumpandisha gavana Reyna hadi cheo kinachoruhusu kununua wilaya (maeneo maalumu ya mji, kituo cha roketi kikiwa mojawapo), kisha kununua vituo badala ya kuvijenga, jambo ambalo kwangu si dogo kwa sababu kituo kimoja kinagharimu uzalishaji wa 1,800. Naomba ulinganisho kutoka kwa wale waliokwisha kuzijaribu njia hizi, si nadharia peke yake.

Hesabu_Kwanza

Mkuu, kabla ya kuchagua, angalia miradi yenyewe inavyofuatana. Setilaiti hutangulia safari ya mwezini, safari ya mwezini hutangulia koloni la Mirihi, na koloni hutangulia msafara wa kwenda sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua. Kila mmoja hufanywa mara moja tu na hauwezi kuanza kabla uliotangulia haujakamilika, kwa hiyo katika hatua zote nne kituo cha pili na cha tatu hukaa bure. Vituo vingi huanza kuwa na faida baada ya msafara kuondoka, pale unaporuhusiwa kujenga mitambo ya leza inayousukuma, na mitambo hiyo unaweza kuirudia katika kila mji wenye kituo.

Sasa tuhesabu. Msafara unasafiri miaka ya nuru 50, ukianza na mwaka mmoja kwa kila zamu, na kila mtambo wa leza huongeza mwaka mmoja. Tuseme mji wako mkuu wa viwanda unamaliza mtambo mmoja kila zamu tano. Ukiwa peke yake, zamu tano za kwanza zinakupa miaka 5, tano zinazofuata 10, kisha 15, kisha 20, na jumla inatimia zamu ya 20. Ukiongeza miji miwili inayomaliza mtambo kila zamu kumi, unafika zamu ya 17. Kwa maneno mengine, umetumia uzalishaji wa 3,600 kununua zamu tatu. Hata kama miji yote mitatu ingekuwa na nguvu sawa, ungefika zamu ya 14, ambayo ni nafuu ya zamu sita tu.

Ndiyo maana nasimama na njia ya kwanza bila kusita.

Dada_wa_Hansa

Hesabu za ndugu hapo juu ni sahihi, lakini zinaanza mahali ambapo mchezo umekwisha kuamuliwa. Mimi hushinda kwa anga nikiwa na Ujerumani, ambayo wengi huichukulia kuwa ya vita, kwa sababu karakana zake za Hansa hujengwa kwa nusu ya gharama na hupata nyongeza kubwa zikikaa jirani na wilaya za biashara, mifereji ya maji na mabwawa. Ujerumani pia huruhusu kila mji uwe na wilaya moja zaidi ya idadi ambayo wakazi wake wangeruhusu. Mwenye Korea hufika kwenye teknolojia mapema kisha akakaa kusubiri viwanda, ilhali mwenye Ujerumani hufika akiwa amechelewa kidogo lakini miji yake minne au mitano iko tayari kufanya kazi siku hiyohiyo. Hapo ndipo vituo vitatu vinapokuwa na maana, na hapo ndipo nafuu ya zamu sita inapopatikana.

Kwako wewe, Mpanga, nchi huwezi kuibadilisha zamu ya 214, kwa hiyo njia ya kwanza inakufaa kwa sharti kwamba mji huo uupe kila kinachowezekana. Jenga ajabu (jengo la pekee lijengwalo mara moja tu duniani) la Bonde la Ruhr ikiwa mto na kiwanda vinakuruhusu, kwani huongeza uzalishaji wa mji kwa asilimia 20 na pointi moja kwa kila mgodi na chimbo la mawe; kwa mji uliozungukwa na migodi, hilo ni jambo kubwa. Mhamishie gavana Pingala aliyepandishwa hadi cheo cha mwisho cha anga, maana hutoa asilimia 30 kwa miradi yote ya roketi. Na usiwapoteze Watu Mashuhuri: Sergei Korolev hutoa uzalishaji wa 1,500 kwa mradi wa anga, Carl Sagan 3,000. Nimeona watu wakiwatumia hao kwenye setilaiti ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, na sijaelewa kwa nini.

Mwana_Kilwa

Nashangaa hakuna aliyetaja ajabu la nyumbani. Kilwa Kisiwani, lililoingizwa katika nyongeza ya Rise and Fall mwaka 2018, hutoa wajumbe watatu mara tu linapokamilika, na mji lilikojengwa hupata nyongeza ya asilimia 15 kulingana na aina ya dola-miji (nchi ndogo za mji mmoja) unazozilea, yaani zile ulizozipelekea wajumbe wengi kuliko wapinzani. Ukiwa mlezi wa dola-mji ya viwanda, nyongeza hiyo huingia kwenye uzalishaji. Ukiwa mlezi wa dola-mji ya sayansi, huingia kwenye sayansi. Ukilea mbili au zaidi za aina moja, nyongeza huenea hadi miji yako yote.

Kwa hiyo swali la sayansi au uzalishaji, ambalo wenzangu wamelifanya la kuchagua nchi, kwa Kilwa linakuwa la kuchagua wajumbe waende wapi. Katika nusu ya kwanza ya mchezo mimi hupeleka wajumbe kwenye dola-miji za sayansi, na roketi zinapokaribia nahamia za viwanda. Sharti ni kwamba lijengwe kwenye ardhi tambarare kando ya pwani, na makosa ninayoyaona mara nyingi ni mchezaji kulijenga katika mji wowote wa pwani uliokuwa na nafasi, kumbe asilimia 15 ya kwanza ni ya mji huo pekee. Lijenge pale ambapo kituo chako cha roketi kitakuja kukaa, hata kama roketi bado ziko mbali kwa zamu mia moja.

Na mkikutana na Zanzibar kwenye ramani, msiiache kwa sababu ni dola-mji ya biashara. Mlezi wake hupata mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana kwa njia nyingine yoyote katika mchezo, na kila moja hutoa starehe sita. Miji yenye furaha huzalisha zaidi. Kwa sisi wa Lindi, kulea Zanzibar ukiwa na Kilwa mkononi kuna raha yake ya pekee, lakini hilo ni nje ya hesabu.

Mkongwe_wa_Nne

Nizungumzie njia ya tatu, maana imepitwa kimya. Nimecheza mfululizo huu tangu toleo la nne, la mwaka 2005, na nadhani wazo la dhahabu limebaki kutoka toleo la tano, ambako aliyefuata itikadi ya Uhuru aliweza kununua vipande vya chombo chenyewe. Katika toleo la sita dhahabu hainunui mradi wa anga. Reyna atakununulia wilaya, na baada ya hapo mradi utausubiri kwa uzalishaji uleule wa mji uleule.

Upo mlango mmoja wa pembeni, nao ni Royal Society, jengo la daraja la tatu katika uwanja wa serikali. Ukiwa nalo, kila tendo la mjenzi (kibarua mwenye idadi maalumu ya kazi anazoweza kufanya) huchangia asilimia 2 ya gharama ya mradi. Mjenzi mwenye matendo matano, baada ya kadi ya sera inayomwongezea mawili, ni asilimia 10 ya safari ya Mirihi, na mjenzi ananunulika kwa dhahabu. Bei yake hupanda kadiri unavyonunua, ndiyo, lakini hii ndiyo njia ya kuigeuza hazina kuwa roketi. Kwa Mpanga mwenye mji mmoja wenye nguvu, hii inashinda vituo vyote viwili vya ziada.

Mlinzi_wa_Lindo

Ndugu Hesabu_Kwanza, umehesabu kana kwamba wapinzani wamelala. Jasusi wa adui anaweza kukivamia kituo cha roketi na kukiharibu, na mwenye kituo kimoja atasimama kabisa hadi akitengeneze. Akiba haiozi. Kituo cha pili mimi nakijenga kama tahadhari hata kisiponipa zamu moja ya nafuu, na kando yake namweka jasusi wangu wa ulinzi katika kituo cha kwanza.

Aidha, mwangalie anayekusanya alama za kidiplomasia. Niliwahi kurusha msafara wangu nikiwa na uhakika wa ushindi, nikaacha kutazama ubao wa alama, na zamu chache kabla ya kufika mpinzani akatimiza alama 20 zinazotosha kushinda. Zamu tatu ambazo mwenzetu anaziona ghali, siku ile ningezilipa kwa bei yoyote.

Hesabu_Kwanza

Nakubali hoja ya jasusi kwa kituo cha pili. Cha tatu bado sikioni.

Mpanga_Zamu

Nawashukuru nyote, narudi na taarifa. Nilijenga Royal Society na kutumia wajenzi katika koloni la Mirihi na katika msafara, na Korolev nilimhifadhi hadi msafara vilevile. Kilwa nilikuwa nimelijenga zamani katika mji usio sahihi, sawasawa na alivyoeleza Mwana_Kilwa. Kituo cha pili nilikinunua kupitia Reyna katika mji wa ndani, hasa kwa ajili ya maneno ya Mlinzi.

Msafara uliondoka zamu ya 262. Mtambo wa kwanza wa leza ulikamilika baada ya zamu tano kama ilivyohesabiwa, na zamu mbili baadaye jasusi aliharibu kituo kikuu, kwa kuwa yule wangu wa ulinzi nilikuwa nimempeleka kuiba dhahabu. Matengenezo yaliisha zamu ya 12 ya safari. Kituo cha pili, kilichokuwa kikijikokota kwa mtambo mmoja kila zamu kumi, ndicho kilichoendelea peke yake kipindi hicho. Tulifika zamu ya 283. Kanada ilikuwa na alama 18 za kidiplomasia, na Kongamano la Dunia, ambako alama hizo hupatikana, lilipangwa kukutana zamu ya 284.

Hesabu_Kwanza

Nimerudia hesabu pamoja na uharibifu huo. Bila kituo cha pili ungefika zamu ya 285.