Vikasha vya kauri vya Kijapani: nivipangie bei vipi?

Mchuuzi_Jinja
Habari zenu wakubwa. Nina vikasha vinne vya kauri vyenye mifuniko, vile vya kuwekea pete na hereni. Chini ya kimoja pameandikwa "Nippon", viwili vina "Made in Occupied Japan", na cha nne kina kikaratasi cha dhahabu chenye neno "Japan" tu. Mteja wa Kampala anataka vyote kwa bei ya jumla. Nikubali?

VyomboVyaKale
Usikubali bado, soma chapa kwanza. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, ndipo kuanzia 1891 vyombo hivi vikaandikwa "Nippon", yaani Japan kwa Kijapani. Mwaka 1921 Wamarekani wakalikataa neno hilo, wakataka "Japan". "Occupied Japan" (Japan iliyokaliwa na majeshi ya kigeni baada ya vita) ni ya 1947 hadi 1952, na usidanganyike na jina: nyingi zilikuwa bidhaa za bei ya chini tangu zilipotoka kiwandani. Chenye kikaratasi huenda ni cha baadaye zaidi, ila kikaratasi usikibandue.

Kazi iko kwa Nippon, maana inaghushiwa mno. Kama kuna herufi M ndani ya shada la majani, hiyo ni chapa ya Morimura, kampuni ya Kijapani iliyoanzisha kiwanda cha kauri cha Noritake. Itazame kwa lenzi ya mara 10. Kwenye baadhi ya bandia, M imegeuka umbo la saa ya mchanga. Pitisha lenzi juu ya maua pia. Ukiona mikokoto ya brashi, yamechorwa kwa mkono. Ukiona nukta ndogondogo, picha ilibandikwa. Si lazima kiwe bandia, lakini bei hushuka.

Mama Shamim
Naongezea kwa nguvu zote: chapa nzuri haiokoi kikasha kilichopasuka. Kiweke juu ya kiganja bila mfuniko, ukigonge kwa ukucha. Kizima hulia "ting" na sauti hubaki kidogo. Chenye ufa husema "tak" na kunyamaza. Pitisha kidole ukingo wa ndani wa mfuniko, huko ndiko mapengo hujificha. Kisha zungusha mfuniko taratibu. Kama hakuna mahali maua yake yanapoungana na ya chini, au unacheza sana, huenda ni wa kikasha kingine.

Ya mwisho, nenda gizani na ile taa ya kukagulia noti bandia. Gundi na rangi ya marekebisho mara nyingi hung'aa tofauti na kauri.

Mchuuzi_Jinja
Asante mama. Cha Nippon kina ufa mwembamba kama unywele karibu na ukingo, na uchafu umeingia. Nikioshe kwa jiki, halafu nitie gundi?

Mama Shamim
Hapana mwanangu! Jiki inaweza kuharibu dhahabu ya ukingoni, na gundi itamfanya mnunuzi ahisi unaficha kitu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, usisugue dhahabu. Ufa upige picha ya karibu, uutaje waziwazi.

VyomboVyaKale
Bei itafute kwenye mauzo yaliyokamilika ya eBay, siyo bei wanazotangaza watu. Kutangaza si kuuza. Halafu ondoa gharama ya usafirishaji. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege hupima kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000. Katoni ya 30 × 25 × 20 italipiwa kilo 3 hata kama kikasha ni gramu 400. Ndiyo maana vile viwili vya Occupied mimi ningempa huyo mteja wa Kampala, tena kwa pamoja. Cha Nippon kibakize pembeni mpaka uhakikishe chapa.

Ukisafirisha, funga mfuniko peke yake. Ukiuacha juu ya kikasha, kila mtikisiko wa njiani unagonganisha kingo mbili. Tumia katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na nafasi ya sentimita 5 iliyojazwa pande zote.