Mjadala: Katika filamu ya Shane, bonde lile lilikuwa la nani, na kwa nini lilihitaji bastola?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, naomba tuijadili filamu ya Shane, iliyoongozwa na George Stevens na kutoka mwaka 1953, tukiacha kando uhodari wa steringi wake na kuitazama kesi ya ardhi iliyomo ndani yake. Kwa ambao hawajaiona, kisa chenyewe si kirefu. Katika bonde moja la Wyoming, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, tajiri wa ng'ombe aitwaye Rufus Ryker anataka kuziondoa familia chache za wakulima zilizojenga, zikalima na kuweka uzio katika malisho ambayo yeye ameyatumia kwa miaka mingi. Anaanza kwa kuwashawishi, anaingia kwenye vitisho, na hatimaye anamwita Jack Wilson, muuaji wa kukodiwa. Wakulima wanaongozwa na Joe Starrett, na ni katika boma lake anakofikia Shane, mpita njia mwenye bastola na historia asiyoisimulia. Mwishoni Shane anaingia baa usiku, anawaua Wilson, Ryker na ndugu yake Ryker, kisha anaondoka akiwa na jeraha.

Watu wengi husema kesi hii haina utata, kwamba Ryker ni dhalimu na wakulima ni wanyonge. Mimi nakubali kwamba wakulima walikuwa na haki kwa sheria ya wakati ule, lakini nashikilia kuwa filamu inatupotosha kuhusu sababu ya haki hiyo kuhitaji bastola. Inatueleza kwamba sheria ilikuwa mbali, na kwamba mlinzi wa amani hakuweza kufika kwa wakati. Katika Wyoming ya kweli sheria haikuwa mbali hata kidogo. Ilikuwa karibu, ikisikia na kuona, na ilisimama upande wa akina Ryker.

Tuanze na usiku ule Ryker anapokuja na watu wake nyumbani kwa Starrett, kwa sababu hapo ndipo filamu inapomtendea haki adui kuliko filamu nyingi za makauboi. Hajaja kutukana. Anataka Starrett afanye kazi kwake kwa malipo mazuri kuliko ya kibarua, na ng'ombe wa Starrett wachungwe pamoja na wa Ryker. Starrett anapokataa, Ryker anaeleza yaliyo moyoni: kwamba wao ndio walioifungua nchi ile kwa damu na njaa, kwamba bega lake bado lina athari ya mshale wa Wacheyenne, mojawapo ya makabila ya Wahindi Wekundu, na kwamba sasa wamekuja watu wasioijua taabu hiyo, wanazungushia nyaya malisho yake na kuchimba mifereji mpaka kijito kinakauka na yeye analazimika kuhamisha mifugo. Ukimsikiliza kwa makini utaona kwamba hasemi uongo. Mfereji wa umwagiliaji hupunguza maji ya aliye chini, jambo ambalo mkulima yeyote wa mpunga analijua.

Starrett anamjibu kwamba hakuigundua nchi ile, kwa kuwa wategaji wa wanyama na wafanyabiashara waliokuwa wakiuziana na Wahindi Wekundu walimtangulia. Kisha anaongeza hoja iliyo nzito zaidi: Ryker anadai haki ya kusema kwamba hakuna mwingine mwenye haki, na serikali haioni hivyo. Hapo alikuwa sahihi. Sheria ya makazi iliyotiwa saini mwezi Mei 1862 ilimruhusu mtu kuchukua ekari 160 za ardhi ya umma kwa ada ndogo, akakaa juu yake na kuiendeleza kwa miaka 5, kisha akapewa hati. Matajiri wa ng'ombe hawakuwa na hati ya sehemu kubwa ya malisho waliyoyaita yao. Walikuwa wakichunga katika ardhi ya umma bila kulipa, na waliidhibiti kwa kuwahi sehemu zenye maji. Mwaka 1885 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukataza kuzungushia uzio ardhi hiyo ya umma, na isingetungwa kama wakubwa hawakuwa wakifanya hivyo.

Basi kwenye karatasi mkulima alikuwa na nguvu. Tatizo ni nani alikuwa ameshika karatasi. Mwaka 1884 baraza la kutunga sheria la Wyoming lilitoa mamlaka kwa chama cha wenye ng'ombe, ambacho ni chama cha watu binafsi, kusimamia mikusanyiko ya mifugo, na ndama aliyekutwa bila alama akawa mali ya chama hicho. Mkulima mdogo aliyempiga chapa ndama aliyemwokota porini, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, akageuka mwizi kwa kalamu tu. Kisha yakaja mapigano ya kaunti ya Johnson, huko huko Wyoming. Mwezi Aprili 1892 wanaume wapatao 50, matajiri pamoja na wapiga bunduki waliokodiwa kutoka Texas, walipanda treni maalumu Cheyenne kwenda Casper, na nyaya za simu zikakatwa ili habari zisiwatangulie. Walikuwa na orodha ya watu wa kuuawa. Tarehe 9 Aprili waliizingira nyumba ndogo katika ranchi ya KC, walimokuwa Nick Ray na Nate Champion, wafugaji wadogo waliotuhumiwa wizi wa ng'ombe. Ray alipigwa risasi asubuhi alipotoka nje. Champion akabaki peke yake akipambana karibu siku nzima, na kati ya risasi moja na nyingine aliandika kwenye kijitabu yaliyokuwa yakimpata, hadi nyumba ilipochomwa moto akatoka mbio na kuuawa.

Huyo Champion ndiye Torrey wa kwenye filamu, mkulima anayeuawa na Wilson, kwa maana ya mtu mdogo anayeuawa ili wengine wahame. Swali langu ni hili: je, ni haki kwa filamu kuisafisha serikali kwa kusema tu kwamba haikuwepo?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, umeandika vizuri lakini umefanya hakimu na mwendesha mashtaka kuwa mtu mmoja. Kwanza, Shane haidai popote kuwa inasimulia kaunti ya Johnson. Ilipigwa Jackson Hole, chini ya milima ya Teton, upande mwingine kabisa wa Wyoming, na Loyal Griggs akapata tuzo ya Oscar kwa jinsi alivyoipiga milima ile kwa rangi. Kazi ya sanaa ihukumiwe kwa iliyoyasema.

Pili, unaitaja sheria ya 1862 kana kwamba ni msahafu. Sheria ile ilitungwa kwa kufikiria nchi zenye mvua. Mwaka 1878 John Wesley Powell, mtaalamu wa serikali hiyo hiyo, aliandika katika ripoti yake kuhusu nchi kame kwamba shamba la malisho huko lingehitaji ekari zisizopungua 2,560 ili familia iishi. Gawanya hiyo kwa 160 uone: ni mara 16. Kumpa mtu ekari 160 katika nyanda kavu za Magharibi ni kumpa njia ya kufilisika polepole huku akiharibu malisho ya mwenzake. Ryker alijua ardhi ile inaweza nini, na karani aliyeandika hati mashariki hakujua. Haki ya anayeijua ardhi na kuitolea damu haifutwi na karatasi ya mtu ambaye hajawahi kuiona.

Tatu, wizi wa ng'ombe ulikuwepo. Wenye mifugo walilalamika kwamba wakiwapeleka watuhumiwa mahakamani huko Johnson, wazee wa baraza la hukumu, ambao ni majirani wa mshtakiwa, wanamwachia. Siungi mkono mauaji ya KC, na hakuna mwenye akili anayeyaunga mkono. Nasema tu kwamba walioyafanya nao waliamini sheria imewatupa.

Mchangiaji wa pili

Mimi nauliza jambo dogo. Je, huu si ugomvi wetu wa wakulima na wafugaji, kama wa Kilosa na Kiteto? Nilipoiangalia filamu hii niliona ng'ombe wameingizwa shambani na uzio umebomolewa, nikasema haya tunayafahamu.

Mchangiaji wa tatu

Ninyi nyote mnagombea mali ya mtu ambaye hamjamwita kwenye kikao. Ryker anataja mshale wa Mcheyenne kama risiti ya malipo yake. Starrett anataja wategaji na wafanyabiashara waliotangulia, na anaishia hapo, hatua moja tu kabla ya kumfikia mwenyewe hasa. Maneno yake yangeendelea kidogo tu, hoja yake ingemrudia. Tarehe 25 Novemba 1876 askari wa farasi wa jeshi la Marekani walikishambulia alfajiri kijiji cha Wacheyenne wa Kaskazini kwenye mto Red Fork, wakachoma mahema pamoja na chakula cha majira ya baridi, na manusura wakakimbilia kwenye theluji. Mahali hapo hapako mbali na ilipokuja kujengwa ile ranchi ya KC ambayo mwanzisha mada ameililia. Mwaka uliofuata kundi kubwa la watu hao likapelekwa kusini, mbali na nchi yao. Kati ya moto ule na moto uliomtoa Champion ndani ya nyumba kuna miaka 16 isiyotimia. Kwa hiyo mnaponiuliza bonde lilikuwa la nani kati ya Ryker na Starrett, nasema swali lenyewe limepangwa ili jibu la kweli lisipatikane.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote, na nitaanza na ndugu wa pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ng'ombe shambani wanafanana popote, lakini Ryker si mfugaji anayeswaga mifugo yake kutafuta maji wakati wa kiangazi. Ana mkataba mpya wa kuuza nyama, ana vibarua, na ana fedha ya kumkodi Wilson. Ukitaka kumfananisha na mtu wa huku kwetu, usimtafute kati ya wachungaji.

Ndugu wa kwanza, hesabu ya Powell ni sahihi na inaumiza, lakini inathibitisha jambo jingine. Powell alipendekeza ardhi ipimwe upya na maji yagawanywe ili familia nyingi ziishi. Hakusema kwamba, kwa vile ekari 160 hazitoshi, basi bonde zima libaki la mtu mmoja. Ryker naye hasemi ekari 160 ni kidogo na wakulima waongezewe. Kuhusu baraza la hukumu lililowaachia majirani zake, nakubali kwamba lilikuwepo. Ila mtu anayelalamika kwamba mahakama inapendelea, huku sheria ya ndama imetungwa kwa faida ya chama chake mwenyewe, anataka upendeleo wote uwe wake.

Kuhusu sanaa kuhukumiwa kwa iliyoyasema, sawa, na tuitazame ilivyosema. Torrey anauawa mchana nje ya baa ya Grafton. Wilson amesimama juu kwenye sakafu ya mbao, amevaa glavu, viatu vyake vikavu. Torrey yuko chini kwenye matope, anateleza, anajitahidi kumfuata kwa usawa. Wilson anawatukana mashujaa wa Kusini wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mpaka Torrey anashika bastola, na hapo Wilson anachomoa yake kwanza, anamsubiri kidogo, kisha anafyatua. Stevens alimfunga mwigizaji waya uliomvuta nyuma ghafla, na mlio wa risasi akauongeza nguvu kuliko ilivyozoeleka. Alikuwa amepiga picha za vita vya pili vya dunia akiwa na jeshi, hadi kambi ya mateso ya Dachau, na hakutaka kifo kionekane chepesi. Lakini tazameni jambo la pili: mauaji yale yamepangwa yaonekane ya kujitetea. Wilson alihitaji Torrey aguse silaha mbele ya shahidi. Muuaji katika nchi isiyo na sheria hahitaji shahidi. Filamu yenyewe, hata kama inadai sheria iko mbali, inamwonyesha Ryker akijiandaa kwa mahakama fulani, na anajua itampokea vipi.

Ndugu wa tatu, siwezi kukupinga, isipokuwa naomba hoja yako niitumie, kwa sababu inayaongezea nguvu ninayoyasema. Jeshi lilijua njia ya kwenda Red Fork mwaka 1876. Na mwaka 1892 lilijua njia ya kwenda ranchi ya TA, ambako wavamizi wale, baada ya kumuua Champion, walizingirwa na wananchi wenye hasira kutoka mji wa Buffalo wakiwa na sherifu wao. Gavana Amos Barber alimpigia simu ya maandishi Rais Benjamin Harrison, na tarehe 13 Aprili askari wa farasi kutoka ngome ya jeshi ya Fort McKinney wakafika. Hawakuja kuwakamata wauaji kwa niaba ya marehemu. Walikuja kuwatoa salama, wakawasindikiza. Mashahidi wawili waliokuwepo KC walitoroshwa nje ya jimbo. Gharama za kuwaweka washtakiwa mahabusu zilipelekwa kwa kaunti ya Johnson, ambayo haikuweza kuzilipa, na mwezi Januari 1893 kesi ikafutwa. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema Shane alilazimika kuua kwa vile serikali haikuwepo, namuuliza kama angependa serikali ile iwepo. Ndugu wa kwanza amesema haki isitegemee karatasi. Basi atuambie, Starrett angekwenda kushtaki wapi: kwa gavana aliyeomba askari, au kwa chama kilichopewa ndama zote zisizo na alama?