Kupima methani kwenye mafunjo: namba zinaruka, kosa liko wapi?

Mtopeni
Wakuu, tunapima methani (gesi inayochangia kuipasha dunia joto) kwenye kinamasi cha Mara, kule mto unakokaribia kuingia Ziwa Viktoria. Chemba, yaani chombo cha kunasia gesi inayotoka majini, ni ndoo ya plastiki, kimo sentimita 40 juu ya maji, ina feni ya volti 12 na kizibo cha mpira cha kuchomea sindano. Sampuli dakika ya 0, 10, 20 na 30. Mafunjo tunayakata ili ndoo ikae. Chemba moja inapanda taratibu, ya jirani inaruka ghafla ppm (sehemu kwa milioni) mia kadhaa kisha inatulia. Tufute zilizoruka? Na kwa mabadiliko ya tabianchi, kipi kina uzito zaidi: joto au kina cha maji?

Kizibo
Kuruka mwanzoni kabisa ni miguu yenu. Tope limejaa viputo, na uzito wa mtu unavifumua. Jengeni njia ya mbao juu ya nguzo, na pete ya kukalishia chemba ichimbiwe angalau siku moja kabla. Mfuniko uwe na mrija mwembamba wa kusawazisha kanieneo, la sivyo kuubana tu kunavuruga gesi ya chini.

Ila kinachonitisha ni hayo mafunjo. Ndani ya shina mna matundu ya hewa: methani hupanda kutoka mizizini, oksijeni hushuka. Ukikata juu ya maji umeacha bomba wazi. Ukikata chini ya maji umeziba njia, na vijidudu vinavyokula methani kando ya mizizi vimekosa oksijeni. Namba zote mbili si za kinamasi. Mmea una mita 4 hadi 5, kwa hiyo tengenezeni fremu ya mabomba yenye vipande vya kupachikana, ivisheni nailoni angavu. Kipimo kiwe cha dakika chache, maana jua litapandisha joto ndani upesi.

Sindano20
Naongeza upande wa hesabu. Wengi hunakili kwamba ppm 1 ya methani ni mg 0.656 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni ya usawa wa bahari, nyuzi 25. Ziwa Viktoria liko kama mita 1,134 juu, kanieneo ni takribani kPa 88.5, hivyo tumia 0.573. Mfano: ongezeko la ppm 2 kwa dakika, kimo mita 0.4:

2 × 0.573 × 0.4 × 60 = mg 27.5 kwa mita ya mraba kwa saa

Kwa namba ya pwani ungepata 31.5, karibu asilimia 15 ya methani hewa (hewa ya kweli kweli).

Chupa za ml 12 zilizotolewa hewa zijazwe ml 20 kwa kushindilia. Kizibo kikivuja, gesi itatoka nje badala ya hewa ya nje kuingia na kuizimua sampuli.

Baharini_Sudd
Msifute kila mruko! Ukitokea katikati ya kipimo na hakuna aliyesogea, hivyo ni viputo vya asili, na ni sehemu ya utoaji. Rekodini kando, kisha zamisheni faneli zilizogeuzwa, kila moja na chupa iliyojaa maji juu yake. Gesi ikusanywe mapema, maana ikikaa inayeyuka tena majini.

Kuhusu tabianchi: joto huharakisha vijidudu, lakini kwetu eneo lililofurika ndilo lenye uzito. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wa magharibi ilipata joto kuliko mashariki, mvua zikapitiliza, ziwa likafikia kina cha rekodi 2020, na maji ya Nile Nyeupe yakatandaa kwenye kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini. Setilaiti zinaonyesha eneo hilo ni chanzo kikubwa. Methani angani duniani ikaongezeka takribani ppb (sehemu kwa bilioni) 15 mwaka 2020 na 18 mwaka 2021, ingawa Sudd peke yake haielezi yote.

Mtopeni
Basi tukikaa palepale ukingoni mwa ziwa tutaona badiliko maji yakipanda?

Baharini_Sudd
Kidogo sana. Kule mafunjo yanaelea, maji yakipanda nayo yanapanda. Hamieni upande wa nchi kavu, kwenye mimea iliyoshika ardhi. Maji yakishuka chini ya udongo hata sentimita chache, methani nyingi huliwa kabla haijatoka. Yakirudi, inaanza upya baada ya muda. Simikeni bomba lenye matundu kando ya kila pete, na kina kisomwe kila mnapochukua sampuli.