Mrejesho: sensa za shambani zilizokuwa zinaisha betri

Wakuu, narudi na mrejesho wa ile ishu ya sensa zangu za unyevu (vile vifaa vya kupima unyevu shambani), zile za karibu na geitwei, yaani kifaa kinachopokea data za sensa zote, zilikuwa zinaisha betri kabla ya za mbali. Mliosema ni kwa vile zinabebeshwa data za wenzao wote wa mbali zinazopitia kwao mlipatia kabisa. Sasa nimezigawa makundi kwa mtindo wa LEACH, ule wa watafiti Heinzelman na wenzake wa mwaka 2000, yaani kila kundi lina kiongozi anakusanya data anazijumlisha halafu anatuma yeye, na uongozi unazunguka. Ila kilichosaidia zaidi jamani ni kuzima redio ya kila sensa (ile ya kutuma na kupokea data) ikiwa haina kazi, maana hizi redio ndogo hata kusikiliza tu zinakula chaji karibu sawa na kutuma. Juzi nimepima volti, za karibu na za mbali zinashuka pamoja. Asanteni sana aisee.