Farasi wa kumi kumi

*WANA WA BI KULTHUM (Lamu na kwengineko)*

Salim Newport: [picha]

Salim Newport: Asalaam aleikum familia. Leo sina zamu. Wenzangu wa kazini wamenileta Chepstow, huku Wales, kutazama mbio za farasi. Hilo tope mnaloliona ndio uwanja wenyewe.

Athman: Waaleikum salaam. Hizo ni mbio ama ni kilimo cha mpunga 😂

Shangazi Rukia: Salim vaa kofia. Masikio mekundu kama ya kuku.

Athman: Kuku ana masikio shangazi?

Shangazi Rukia: Wewe nenda ukanunue tokeni za stima kama nilivyokutuma.

Ami Nassor: Farasi wazuri mashallah. Umeweka pesa?

Salim Newport: Sijashinda kitu Ami.

Ami Nassor: Sikuuliza kama umeshinda. Nimeuliza kama umeweka.

Salim Newport: Wallahi hata senti. Nina chai mkononi basi, nayo imeshapoa.

Zuhura Nairobi: Mbona wanaruka vitu? Mimi nilikwenda Ngong Road Jumapili moja na watu wa ofisini, huko farasi wanakimbia tambarare tu, wewe unakula chipsi zako.

Salim Newport: Hizi ni za kuruka viunzi dada. Fito zimefungwa pamoja, kiunzi chakufika kifuani. Na leo ndiyo ile kubwa yao, Welsh Grand National, karibu kilomita 6 juu ya tope. Kasi peke yake haikusaidii. Wanataka farasi mwenye pumzi, ambaye akichoka bado ana moyo wa kuruka.

Salim Newport: Na farasi hodari anabebeshwa uzito zaidi, vipande vya madini ya risasi kwenye kitambaa chini ya tandiko, ili wanyonge nao wapate nafasi.

Ami Nassor: Hilo nimelipenda. Wale wa Shela tungewabebesha mawe kwenye mbio za mashua, tungeona.

Salim Newport: 😂 Sasa Ami, nina jambo nataka ushauri wenu. Hapa kazini wanaunda shirika la kumiliki farasi. Kila mtu pauni 10 kwa wiki. Wameniuliza kama nataka kuingia.

Shangazi Rukia: Salim.

Shangazi Rukia: Mchango wa arusi ya Mwanamkuu umetoa?

Salim Newport: Nitatoa shangazi.

Shangazi Rukia: Basi ushauri wangu ndio huo.

Ami Nassor: Kamari ni haramu mwanangu, hata ikivaa tandiko.

Salim Newport: Ami kumiliki si kamari. Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kushindanisha farasi na ngamia kuna ruhusa yake tangu zama za Mtume.

Ami Nassor: Nilifundisha. Sikusema uende ukaungane na watu wa baa.

Salim Newport: Haya, hapo umegusa penyewe. Wanaowapigia mfano ni watu wa baa kweli. Ngojeni niwape kisa, mbio zangu bado nusu saa.

Fatma Lamu: Subiri nimwite Nyanya. Anapenda visa. Nitamsomea.

Salim Newport: Si mbali na hapa, kupanda kule mabondeni kulikokuwa na migodi ya makaa, kuna kijiji kinaitwa Cefn Fforest. Msiniulize kinatamkwaje. Migodi ilikufa miaka ya 80, kazi zikaondoka. Huko kulikuwa na mama mmoja, Jan Vokes. Asubuhi anafagia supamaketi, jioni anahudumu kaunta kwenye klabu ya wafanyakazi. Alikuwa ameshafuga mbwa wa mbio na njiwa wa mbio. Farasi hajawahi.

Athman: Njiwa wa mbio?? Ami umesikia

Salim Newport: Siku moja akamsikia mteja mmoja, Howard Davies, mtu wa hesabu za kodi, akisimulia farasi aliyekuwa na hisa kwake. Yule bwana farasi walishamla pesa, na mkewe alishamwapisha. Jan akasema, mimi nitazalisha wangu.

Shangazi Rukia: Kwa mshahara wa kufagia.

Salim Newport: Kwa huo huo. Yeye na mumewe wakanunua farasi jike aitwaye Rewbell kwa pauni mia tatu na kitu. Hakuwa na sifa hata moja, mbio zilimshinda, na hasira juu. Wakampeleka kwa dume. Mtoto akazaliwa 2001. Na amelelewa wapi? Kwenye kile kijishamba cha kukodi ambacho Waingereza wanapanda viazi na kabichi, juu ya kifusi cha mgodi, kibanda cha mabati.

Zuhura Nairobi: Sasa shirika liliingia wapi

Salim Newport: Jan akabandika tangazo pale klabu. Watu 23 wakajiandikisha, kila mmoja pauni 10 kwa wiki. Wengi hawajawahi kugusa farasi. Wakamwita Dream Alliance, yaani muungano wa ndoto.

Athman: 23 x 10 = 230 kwa wiki

Athman: x 52 = 11,960 kwa mwaka. Nimefanya kichwani

Zuhura Nairobi: Umefanya kwa simu. Tokeni umenunua?

Salim Newport: Akachukuliwa na mkufunzi mkubwa, Philip Hobbs. Jamani, hapa farasi wa mbio ni mambo ya masheikh na mabwanyenye. Wenzake kwenye banda wana ukoo ulioandikwa mpaka babu wa kumi. Huyu anatoka bustani ya kabichi, hudhurungi, na soksi nyeupe miguu yote minne kama anakwenda madrasa. Mbio zake za kwanza, Novemba 2004 kule Newbury, akawa wa nne.

Ami Nassor: Wa nne si haba kwa mtoto wa mabati.

Ami Nassor: Punda wangu Kibuyu naye alidharauliwa. Maulidi ile mnaikumbuka, kijana hana tandiko, hana hatamu ya maana, kamkalia huku nyuma kabisa karibu na mkia. Wakapita mbele ya jeti kama risasi. Watu wakadhani punda amekimbia na mtoto wa watu.

Shangazi Rukia: Si alikuwa amekimbia na mtoto wa watu?

Ami Nassor: Alikuwa wa pili Rukia. Andika historia vizuri.

Fatma Lamu: Nyanya yuko hapa amekaa. Anasema Salim endelea, Nassor anyamaze na punda wake.

Salim Newport: Shikamoo Nyanya. Basi akawa anashinda. Kule kijijini wanakodi basi, wanaenda uwanjani na chakula chao kwenye mifuko, wanasimama pamoja na matajiri. Kisha 2008, Aintree, uwanja wa kule Liverpool, katikati ya mbio akajikata kano ya mguu wa mbele.

Zuhura Nairobi: Inna lillahi

Salim Newport: Kwenye mchezo huu ukiona pazia la kijani linakimbizwa uwanjani kumzunguka farasi, watu wanageuza nyuso. Farasi hakai kitandani miezi mitatu kama mtu. Kano ikikatika, mara nyingi ni bunduki au sindano pale pale.

Fatma Lamu: Nyanya anasema ngoja. Anauliza: wakamuua?

Salim Newport: Hapana Nyanya. Kulikuwa na matibabu mapya. Wanatoa seli za farasi mwenyewe, wanazikuza, kisha wanamdunga nazo kwenye ile kano ili ijijenge upya. Kama pauni 20,000. Na hakuna aliyewaahidi kwamba atakimbia tena.

Athman: Hapa Lamu angepelekwa hospitali ya punda bure

Ami Nassor: Kweli. Ipo tangu 1987 na mimi mlango wake naujua kuliko wa nyumbani. Kibuyu alichomwa msumari kwatoni wakamfunga bendeji, nikaambiwa asibebe mchanga wiki tatu. Akashinda anakula maganda ya ndizi kama mgeni.

Fatma Lamu: Nyanya anauliza: hizo 20,000 alitoa nani?

Salim Newport: Farasi mwenyewe, Nyanya. Pesa alizoshinda zilikuwa kwenye chungu cha wote. Wakakubaliana zitoke humo zimtibu.

Fatma Lamu: Anasema: kwa hiyo walikuwa na haki ya kugawana, na hawakugawana.

Salim Newport: Hawakugawana.

Fatma Lamu: Anasema: endelea.

Salim Newport: Akauguzwa zaidi ya mwaka. Akarudi. Na tarehe 28 Desemba 2009, hapa hapa niliposimama, mbio hizi hizi, wachezesha kamari wakiwa wamempa ishirini kwa moja yaani hana lake, joki Tom O'Brien juu ya mgongo wake, farasi wa kwenye kabichi akashinda Welsh Grand National.

Zuhura Nairobi: Nimesisimkwa 😭

Athman: Haiwezekani. Kwa mguu ule ule?

Salim Newport: Kwa mguu ule ule. Mwaka uliofuata wakampeleka Grand National yenyewe, Aintree tena, viunzi 30, farasi 40. Hakumaliza, joki alimsimamisha. 2012 akapumzishwa moja kwa moja.

Zuhura Nairobi: Sawa, machozi nimefuta. Sasa hesabu. Alishinda jumla ngapi?

Salim Newport: Zaidi ya pauni 130,000.

Zuhura Nairobi: Na kila mtu alipata?

Salim Newport: 1,430.

Zuhura Nairobi: Miaka yote hiyo?? Laki mbili na nusu kasoro ya pesa zetu. Salim, mtu akinunua ng'ombe wa maziwa Kitengela anamshinda huyo farasi.

Shangazi Rukia: Na huyo ndiye aliyeshinda. Aliyeshindwa je?

Salim Newport: Wengi hawarudishi hata pesa ya majani, shangazi, sikufichi. Mkufunzi, daktari, kwato, gari la kumsafirisha. Mtu akikuambia farasi ni biashara, huyo anakuuzia farasi.

Shangazi Rukia: Sasa unaingia kufanya nini?

Salim Newport: Shangazi mimi nafanya kazi usiku, nalala mchana. Mwaka wa tano huu. Watu wa hapa nawajua kwa majina tu. Nikiwa na mguu mmoja wa farasi nitakuwa na kitu cha kuzungumza nao.

Shangazi Rukia: …

Shangazi Rukia: Mguu mmoja hutaupata. Kwa pauni 10 wewe ni mkia.

Fatma Lamu: Nyanya anauliza Ami Nassor bado yuko hapo?

Ami Nassor: Nipo Mama.

Fatma Lamu: Ami, samahani sana, mimi naandika tu ninachoambiwa 🙏

Fatma Lamu: Anasema: Nassor, *Subira* ilipovunjika mlingoti, ulisema nini?

Athman: Ami anaandika…

Athman: Ameacha

Athman: Anaandika tena 👀

Shangazi Rukia: Athman toka humu.

Fatma Lamu: Anasema: mashua ilikuwa ya wanne. Jana yake ilikuwa imetoka kushinda. Pesa ya ushindi ipo mezani, mlingoti uko chini. Ukasema tugawane kwanza, mlingoti baadaye. Anasema hiyo baadaye inaingia mwaka wa nne sasa, na kuku wa Matondoni wanataga ndani ya mashua ya baba yenu.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Zuhura Nairobi: Salim vipi huko, mbio zimekwisha?

Salim Newport: Ndiyo zimekwisha sasa hivi. Nilisogea mpaka kwenye kiunzi cha mwisho. Wakija, kwanza husikii kwato, unasikia pumzi, hah hah hah, kama watu wanaobeba jahazi. Halafu zile fito zinachanika na madongo yanakupiga usoni. Joki mmoja kapita anamsemesha farasi wake taratibu kama anambembeleza mtoto. Ni nukta tatu tu, wameshapita.

Salim Newport: Sasa wanamwagiwa maji kwa ndoo. Baridi hii, moshi unawatoka mgongoni kama sufuria ya wali ukifunua kifuniko.

Athman: Nani kashinda?

Salim Newport: Yule aliyebebeshwa uzito kidogo. Mwenye farasi analia, mzee mzima.

Zuhura Nairobi: Mungu ampe furaha.

Ami Nassor: Rukia.

Shangazi Rukia: Labeka kaka.

Ami Nassor: Yule fundi wa Matondoni alitaka ngapi kwa mlingoti?

Shangazi Rukia: Elfu thelathini na tano. Tanga lake mbali.

Shangazi Rukia: MLINGOTI WA SUBIRA
1. Rukia – 5,000 ✅
Nakilini, mwongeze jina, mrudishe. Tuma kwa M-Pesa yangu, sio ya Athman.

Zuhura Nairobi: MLINGOTI WA SUBIRA
1. Rukia – 5,000 ✅
2. Zuhura – 4,000 (mwisho wa mwezi)

Ami Nassor: MLINGOTI WA SUBIRA
1. Rukia – 5,000 ✅
2. Zuhura – 4,000 (mwisho wa mwezi)
3. Nassor – 15,000 ✅

Fatma Lamu: Nyanya ameniambia nimsomee tena namba tatu.

Fatma Lamu: Nimemsomea. Amekwenda kuswali.

Athman: MLINGOTI WA SUBIRA
1. Rukia – 5,000 ✅
2. Zuhura – 4,000 (mwisho wa mwezi)
3. Nassor – 15,000 ✅
4. Athman – 200 + nguvu zangu

Shangazi Rukia: Ni zile 200 za tokeni, Athman? Maana hapa kwangu giza.

Athman: Nakuja nazo

Shangazi Rukia: Salim, jina lako silioni.

Salim Newport: Niko kwenye basi shangazi, mtandao unakatika.

Shangazi Rukia: Picha ya tope ilipita.

Salim Newport: Haya andika. 5. Salim – pauni 10 kila wiki mpaka mlingoti usimame.

Zuhura Nairobi: Na farasi?

Salim Newport: Na farasi.

Shangazi Rukia: Na arusi ya Mwanamkuu.

Salim Newport: Na arusi 😩

Shangazi Rukia: Nimeshapiga picha ujumbe huo. Hata ukifuta ninao.